Njaa Iliyovaa Sare

Mwezi wa Mei ndio mwezi wa kuijua Bamburi. Masika huwa yamefika kileleni, kusi imeichafua bahari, na viti vya ufuoni vimeondolewa mchangani na kufunikwa turubai. Wageni wa Desemba hadi Machi wamekwenda zao, wa Julai na Agosti hawajafika. Hoteli hufunga baadhi ya majengo yake ili kuokoa umeme na gharama za usafi. Ndipo simu za wasimamizi zinapoanza kupigwa, au orodha inapobandikwa karibu na lango la wafanyakazi, na watu wakaambiwa wakapumzike nyumbani, wataitwa biashara ikichangamka. Hakuna aliyefutwa. Hakuna aliyeiba wala aliyemkosea mgeni adabu. Mkataba wa miezi umekwisha, na mwingine utaandikwa msimu ukirudi.

Mhudumu wa vyumba hurudi mtaani kwake, Utange au Mwembelegeza, na sare yake mkobani. Huifua, huipiga pasi, huitundika nyuma ya mlango. Jirani akiuliza, huambiwa yuko likizo. Mtaani bado anajulikana kuwa wa hotelini, mtu wa kazi, ambaye wenzake humwendea kukopa nauli. Tangu siku hiyo mpaka Julai nyumba yake itaishi kwa deni, na hakuna ofisi itakayomwandika miongoni mwa maskini.

Umaskini wa asiye na kazi tumeuzungumza sana katika mji huu wa Mombasa, na ni haki yake kuzungumzwa. Huu wa mwenye kazi tumeupa kisogo. Haupangi foleni ya unga wa msaada wala hauketi nje ya afisi ya chifu. Unaamka saa kumi usiku, unaoga maji ya kupima, unapanda matatu ya kwanza, na saa kumi na mbili asubuhi umesimama mlangoni pa ukumbi wa chakula ukimkaribisha mgeni kwa tabasamu.

Kwa asiyepajua, Bamburi iko kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ukivuka daraja la Nyali na kushika barabara ya Malindi. Upande wa bahari zimepangana hoteli: Whitesands, Severin, Travellers, Neptune, Bamburi Beach. Katikati yake umo ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu huuita Pirates. Miaka hii ya karibuni zimeongezeka ghorofa ndefu za nyumba za kukodisha kwa siku, zenye vidimbwi vya kuogelea na walinzi wa mlangoni. Upande wa bara ndiko waliko wanaoziendesha: Bamburi Mtambo, Kiembeni, Mtopanga, Mwembelegeza, Utange, hadi Majaoni na Shanzu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 katika kaunti ndogo ya Kisauni, ambamo Bamburi ni wadi mojawapo, kati ya watu 1,208,333 wa Mombasa nzima.

Kazi ndiyo iliyowaleta wengi wao hapa. Felix Mandl alianzisha kampuni ya saruji ya Bamburi mwaka 1951 na saruji ya kwanza ikatoka 1954. Yale machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi, René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971 mpaka yakawa bustani ambayo leo watalii huwalisha twiga humo. Hoteli nyingi zilikuja zikakuta watu wameshazoea ving'ora vya zamu, na watoto wa Kilifi, Taita, Ukambani na Nyanza wakajifunza kutandika kitanda kwa namna ya Kizungu na kusalimu kwa Kijerumani. Kiwanda chenyewe cha saruji kilinunuliwa na kampuni ya Amsons ya Tanzania mwishoni mwa 2024. Habari hiyo ilijaza magazeti kwa miezi. Habari za anayefagia ukumbi wa hoteli ng'ambo ya barabara hazijazi gazeti, kwa hiyo tuzieleze leo kwa hesabu.

Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida katika miji mikubwa, Mombasa ikiwamo, kiliwekwa kuwa shilingi 16,113 kwa mwezi. Sheria inataka mwajiri aongeze asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba, jumla inakuwa kama 18,530. Hapo hakatwi kodi ya mapato, kwa kuwa hajafika 24,000. Lakini mfuko wa pensheni wa NSSF unachukua asilimia 6, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5. Kinachobaki mkononi ni takribani shilingi 16,630. Narudia kwamba huyo ni mtu aliyeajiriwa na mwajiri anayeifuata sheria kwa kila kipengele. Wako wanaolipwa zaidi, hasa walioajiriwa kwa kudumu chini ya makubaliano ya chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA, na wako wengi wanaolipwa pungufu, kwa siku au kwa chumba.

Sasa mpe mtu huyo mke asiye na kipato na watoto watatu, mmoja wa miaka mitatu na wawili wa shule ya msingi. Wataalamu wa takwimu hawamhesabu mtoto sawa na mtu mzima: wa chini ya miaka mitano ni kama robo ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 ni kama thuluthi mbili. Kwa kipimo hicho nyumba ya watu watano ni sawa na watu wazima watatu na nusu. Gawa 16,630, utapata kama shilingi 4,700 kwa kila mmoja. Shirika la Taifa la Takwimu, katika utafiti wake wa matumizi ya kaya wa 2015/16, liliweka mstari wa umaskini mijini kuwa shilingi 5,995 kwa mtu mzima kwa mwezi. Yaani mfanyakazi anayelipwa leo kwa mujibu wa sheria, mwezi aliofanya kazi siku zote, yuko chini ya mstari uliochorwa takribani miaka kumi iliyopita, kwa bei za unga na mafuta za wakati ule.

Kisha uweke Mei ndani ya hesabu. Tuseme analipwa miezi minane kati ya kumi na miwili, na wenye mikataba ya msimu wataona nimewakadiria kwa ukarimu. Mshahara wake ukiutandaza mwaka mzima unashuka hadi shilingi 11,087 kwa mwezi, na kwa kila mtu mzima ndani ya nyumba ni kama 3,130. Katika utafiti uleule mstari wa umaskini wa mashambani, kule ambako watu wana shamba na mbuzi, ulikuwa 3,252. Mtu anayetandika vitanda vya wageni wa Ulaya, ndani ya jiji la pili kwa ukubwa nchini, ana kipato cha chini ya kile kilichotosha kumwita mtu maskini kijijini mwaka 2016. Wala mtu wa kijijini huko halipii maji kwa mtungi.

Maji! Hapa lazima nikae kidogo. Mombasa inategemea maji yanayotoka mbali: chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake lilikamilika 1957, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Mji umekua, mabomba hayajakua. Hoteli inachimba kisima chake, inaweka mtambo wa kuondoa chumvi, inaagiza lori la maji, na mgeni hajui kwamba kuna shida. Upande wa bara mfereji ukikauka, kuna kisima cha maji ya chumvi ya kufulia na kuna mkokoteni wa maji matamu ya kunywa na kupikia. Bei ya mtungi hupanda pale hasa uhaba unapozidi. Kwa hiyo anayelipa bei ya juu kabisa kwa lita moja ya maji Bamburi ni yule mwenye mshahara wa chini kabisa, na hulipa kila siku, kwa sarafu, kwa sababu hana pipa la kuwekea akiba wala pesa za kulijaza.

Nyumba nazo zina kisa chake. Ukanda wa pwani ulipimwa na kugawiwa hati chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, na wengi waliokuwa wakiishi na kulima hapo walijikuta si wenye ardhi. Ndiyo maana katika mitaa ya Kisauni hadi leo utaona mtu ana nyumba lakini hana kiwanja: kuta ni zake, ardhi ni ya mtu anayeishi mbali, na kila mwezi analipa kodi ya ardhi kwa wakala. Nani atajenga nyumba ya maana, yenye choo kizuri na mabomba, mahali anapoweza kuambiwa aondoke? Hujengwa vyumba vya haraka, kila mlango kaya moja, bafu na choo vya kushirikiana nje. Mpangaji wa chumba hicho ana mwenye nyumba juu yake, na mwenye nyumba ana mwenye ardhi juu yake. Ghorofa mpya za kukodisha kwa siku zikizidi kusogea kutoka ufuoni, wote wawili husukumwa, na wa kwanza kuhama ni yule wa chumba. Anahamia ndani zaidi, ambako kodi ni nafuu na nauli ni ghali, na kile alichookoa kwenye kodi anakiacha kwenye matatu.

Ghorofa hizo zimeleta kazi pia, hilo ni kweli. Kuna mama anayesafisha nyumba za Airbnb kwa simu: mgeni akitoka anaitwa, anasafisha, anafua mashuka, analipwa kwa nyumba aliyosafisha. Hana mkataba, hana NSSF, na wiki ambayo simu haikulia hana la kuuliza. Tukiwahesabu waajiriwa wa utalii, mama huyu hamo. Tukiwahesabu wasio na kazi, hamo vilevile.

Msimu si jambo geni, na pwani yote imeishi kwa misimu tangu majahazi yalipokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Ila baharia alijua kusi itakuja lini, akaweka akiba. Utalii una misimu mingine isiyo na kalenda. Agosti 1997 vurugu zilipozuka Likoni, hoteli za pwani yote zilikimbiwa na maelfu wakapoteza kazi. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise, Kikambala, ililipuliwa. Waliouawa ni Waisraeli watatu na Wakenya kumi, na miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliosimama mlangoni kuwapokea wageni. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya Mombasa, kampuni za safari zikawaondoa mamia ya watalii ndani ya siku chache, na wahudumu waliowabebea mizigo mpaka kwenye mabasi wakajua kwamba wanabeba na mishahara yao.

Kisha 2020. Ndege za kimataifa zilisitishwa mwishoni mwa Machi, na kuanzia 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia au kutoka kaunti ya Mombasa mpaka Julai. Wafanyakazi walipewa likizo bila malipo. Serikali ilitoa afueni ya kodi ya mapato kwa wanaolipwa hadi shilingi 24,000, jambo jema, lakini asiye na mshahara hakuwa na kodi ya kusamehewa. Mei mwaka huo ikatangaza mikopo nafuu ya shilingi bilioni 2 kwa wenye hoteli, ili wakarabati majengo na kupanga upya biashara zao. Nilikubali wakati ule, na nakubali leo, kwamba hoteli iliyofungwa haimwajiri mtu. Lakini ukuta uliopakwa rangi haukulipa kodi ya chumba cha Kiembeni kwa miezi minne. Hasara ilipogawiwa, jengo lilipewa mkopo na mtu akapewa subira.

Sheria haikukosekana. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au kazi ambayo haiwezi kwisha ndani ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa mwenye haki za mwajiriwa. Kutandika vitanda hotelini hakuishi kamwe, vitanda vipo kila siku. Lakini mkataba ukikatwa vipande vya miezi michache na pengo katikati, mfanyakazi wa miaka kumi huwa mgeni upya kila msimu. Hana kiinua mgongo cha kudai wala cheo cha kupanda, na akiwa na mimba anaomba Mungu tarehe ziangukie ndani ya mkataba. Kwenda mahakama ya kazi ni haki yake pia, ila anajua kwamba orodha ya watakaoitwa Julai iko mikononi mwa yuleyule ambaye angemshtaki.

Mbona basi hatuwaoni maskini hawa wenye kazi? Sehemu ya jibu ni sitara. Watu wa huku wanafundishwa tangu utotoni kwamba shida ya nyumbani haitoki nje ya mlango. Mtoto huoshwa miguu na kupakwa mafuta kabla ya kwenda shule hata kama ameondoka na chai ya rangi tupu. Naiheshimu sitara hiyo, maana ndiyo iliyowapa watu uwezo wa kusimama wima mbele ya mgeni. Lakini ina gharama. Deni la duka linaandikwa kwenye daftari ambalo mwenye duka na mama wa nyumba peke yao ndio wanaolijua. Sima inapikwa kwa unga wa kupima, mafuta ya kupima, na mchuzi wa dagaa unaogawanywa siku mbili. Fuliza, mkopo wa simu, inafunika pengo la leo, na mshahara wa kwanza wa Julai ukiingia kwenye simu, nusu yake humezwa kabla mwenyewe hajausoma ujumbe.

Jambo moja katika haya huniuma kuliko mengine yote. Hoteli nyingi huwapa wafanyakazi mlo kazini, katika kantini yao ya nyuma. Ni jambo zuri. Lakini maana yake ni kwamba mwenye kipato anakula wali na maharagwe saa saba mchana akijua nyumbani hakujapikwa, na chakula hakiruhusiwi kupita lango, kwa kuwa mikoba hukaguliwa. Siku ya bufee vyakula vinarudi jikoni vimejaa sinia. Mlo ule unamwezesha baba kufanya kazi. Hauwezi kumfikia mtoto.

Sehemu nyingine ya jibu ni sisi, tunaopanga misaada. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa nyumba zinazolea yatima na kwa wenye ulemavu mkubwa. Familia hii haimo. Kamati ya basari, yaani msaada wa karo, huuliza kazi ya mzazi, na mzazi akiandika jina la hoteli iliyoko ufuoni, fomu yake huwekwa chini ya nyingine. Hospitalini karatasi ya mshahara inathibitisha kwamba anaweza kulipa. Kila afisi inauona mwezi wa Desemba tu. Mombasa ilipopata asilimia 27.1 ya umaskini katika utafiti wa 2015/16, dhidi ya 36.1 ya nchi nzima, viongozi walikuwa na sababu ya kupumua. Wangeshuka Mwembelegeza mwezi wa Mei wasingepumua sana.

Tatizo hili si la Bamburi peke yake. Diani ya Kwale wanalijua, Nungwi ya Unguja wanalijua. Hata Aspen, mji wa matajiri wa kuteleza kwenye theluji katika jimbo la Colorado, Marekani, ulifika mahali wapishi na wasafishaji wakawa hawana pa kulala karibu na kazi. Mwaka 1982 mji huo na kaunti yake waliunda mamlaka ya nyumba, na leo inasimamia takribani nyumba 3,000 zilizotengewa wanaofanya kazi pale, ambazo haziwezi kuuzwa kwa bei ya soko. Haijawatosha, na watu bado husafiri masafa marefu kila asubuhi. Lakini walikiri hadharani kwamba hoteli ikihitaji watu, watu hao wanahitaji mahali pa kuishi, na kwamba gharama hiyo ni sehemu ya biashara ya utalii.

Sisi tunayo pesa ya kuanzia. Hoteli hulipa ushuru wa utalii wa asilimia 2 ya mapato kwa Hazina ya Utalii, na miongoni mwa kazi za hazina hiyo ni kugharimia mafunzo ya wafanyakazi na kuitangaza nchi. Sehemu ya ushuru huo ingeweza kutengwa kuwa akiba ya miezi mitupu, ikamlipa mwenye mkataba wa msimu hata thuluthi ya mshahara wake Aprili hadi Juni. Wenye hoteli watasema biashara ni ngumu, na miaka mingine ni ngumu kweli. Naamini pia kwamba mhudumu aliyekula Mei ndiye atakayerudi Julai, badala ya kwenda Saudia kufanya kazi za ndani na kuacha watoto kwa bibi yao. Kaunti kwa upande wake ingeanza na mabomba ya upande wa bara, maana kila mtungi usionunuliwa ni nyongeza ya mshahara ambayo hakuna mwajiri anayeweza kuikatalia.

Hayo yatachukua miaka na vikao vingi. Kuna moja lisilohitaji kikao wala bajeti, na linaweza kufanywa kabla ya muhula ujao wa shule. Fomu ya basari ina mstari wa kuandika kazi ya mzazi. Uongezwe mstari mmoja chini yake, wa kuandika ni miezi mingapi alilipwa mwaka uliopita, na kamati iusome huo kwanza.